Ziwa Halikupotea

Ndugu msomaji, kuna neno moja nimegombana nalo kwa muda mrefu, na leo nataka tumalizane nalo hapa hapa, kwenye kurasa zetu. Kwa Kiingereza cha darasani tulikuwa tukiliita diskavari. Vitabu vya Kiswahili vinasema kuvumbua, vingine kugundua. Ukikaa vijiweni utasikia watu wanayatumia yote mawili bila kujali. Mimi nasema tujali. Neno hili limekula haki za watu wengi, na sisi tunaojiita waandishi chipukizi tunaendelea kulilisha.

Nilisoma kidato cha tano na cha sita Tabora, mchepuo wa HGL, katika shule ya bweni ambayo sitaitaja jina. Kwenye somo la Kiingereza tukapewa mada: diskavari. Vitini vikagawiwa, tukavikariri usiku wa prepo, umeme ukikatika tunawasha mishumaa. Kitini kilisema diskavari ni kukuta kitu ambacho hakikuwa kimejulikana. Inaweza kuwa ya nje, kama nchi au ziwa, au ya ndani, kama mtu kuijua nafsi yake. Mifano ya ile ya nje ilikuwa mitatu: Burton na Speke wamevumbua Ziwa Tanganyika, Speke kavumbua Ziwa Victoria, Stanley kamvumbua Livingstone. Basi. Piga mstari, jifunze kwa moyo.

Kengele ikilia, katika chumba kile kile, anaingia mwalimu wa Historia. Huyu anatufundisha kwamba watu wale wale watatu walikuwa wapelelezi, mawakala wa ukoloni. Saa nne ni mashujaa, saa tano ni mawakala. Na hakuna aliyenyoosha mkono, kwa sababu kila somo lina mtihani wake na kila mtihani una majibu yake. Ukichanganya, maksi zinakwenda.

Hicho ndicho kinachonikera hadi leo. Yote haya yanafundishwa Tabora, jamani! Si Dodoma wala Arusha. Panda baiskeli utafika Kwihara, kwenye tembe walilokaa Stanley na Livingstone mwaka 1872. Mji wenyewe zamani wageni waliuita Kazeh, na hapo ndipo palipokuwa njia panda ya bara nzima: kushoto Ujiji na Manyema, kulia Karagwe na Buganda, nyuma Ugogo mpaka Bagamoyo. Mwanafunzi amekaa juu ya ushahidi, anakariri kitini kinachomwambia kwamba ushahidi huo haukuwepo mpaka Mzungu alipofika.

Sasa hebu tuwe kama mafundi saa, tuifungue ile sentensi. "Speke alivumbua Ziwa Victoria." Ndani yake mna nini?

Tuanzie mbali kidogo. Katikati ya miaka ya 1850 wamisionari wawili wa Kijerumani waliokuwa pwani, Erhardt na Rebmann, walichora ramani ya bara. Wao wenyewe hawakuwa wamefika huko. Walikaa na watu wa misafara, Waswahili, Waarabu na Wanyamwezi, wakawauliza: ukitoka hapa unafika wapi, halafu wapi? Wakaambiwa habari za maji makubwa. Wakayachora kama ziwa moja refu lenye umbo la koa. Wakubwa wa jiografia wa London walicheka, lakini ramani ile ilikuwa sababu mojawapo ya kumtuma Burton na Speke. Maana yake, safari ya "uvumbuzi" iliondoka ikiwa tayari na ramani iliyotoka vinywani mwa watu waliokwisha kufika.

Wakaondoka pwani Juni 1857. Tarehe 7 Novemba wakafika Kazeh, baada ya miezi zaidi ya minne. Aliyewapokea na kuwapa nyumba alikuwa mfanyabiashara wa Kiomani, Snay bin Amir, mtu aliyezijua njia za bara na lugha za watu wake. Snay akawaeleza kwamba maji si ziwa moja. Liko la magharibi, la Ujiji, na liko jingine la kaskazini, kubwa zaidi. Habari hii Burton mwenyewe aliichapisha. Hakuificha. Waliotutungia vitini ndio walioiacha njiani.

Februari 1858 wakafika Tanganyika. Je, unajua walifikaje? Burton alikuwa hawezi kutembea, anabebwa. Speke alikuwa anaumwa macho, haoni vizuri. Walipopanda kilima cha mwisho Burton akaona kitu kinang'aa kule chini, akauliza ni nini. Aliyemjibu kwamba yale ni maji alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Mmoja kabebwa, wa pili haoni, wa tatu anawaonyesha kwa kidole. Halafu darasani tunaulizwa nani alivumbua.

Wakarudi Kazeh. Burton akabaki, bado mgonjwa. Speke akaondoka Julai kuelekea kaskazini, kwenye lile ziwa waliloambiwa na Snay, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona kutoka upande wa Mwanza. Hakulizunguka. Alikaa siku chache, akalipa jina la malkia wake, akageuza. Safari nzima ya kwenda na kurudi ilimchukua wiki sita hivi. Wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza, yaani ziwa, na wavuvi siku hiyo walikwenda kuvua kama kawaida. Ziwa halikuwa limepotea.

Kwa hiyo ndani ya neno moja mna vitenzi sita vilivyofichwa: aliambiwa, alipelekwa, aliona, alipima, aliandika, alibatiza. Hivyo ndivyo vitendo vya kweli. Nami sina ugomvi na mtu aliyefanya vitendo. Wapo watakaoniambia, "Lakini bwana, Speke alipima! Wenyeji hawakupima." Ni kweli alipima. Alichemsha maji akatazama kipimajoto ili apate kimo cha ziwa kutoka usawa wa bahari, na hesabu yake ilikaribia sana ukweli. Hiyo ni kazi, tena kazi nzuri, na mtoto wa Tabora ajifunze namna ilivyofanyika. Basi tuseme alipima. Mbona tunaogopa? Tukisema alipima, nafasi inabaki kwa Snay aliyeeleza, kwa Bombay aliyeonyesha, kwa mpagazi aliyebeba kile kipimajoto. Tukisema alivumbua, wote hao wanafutika kwa mkupuo.

Na waliofutika si wachache. Wanyamwezi hawakungoja mtu aje kuwafungulia njia. Tangu kama mwaka 1800 misafara yao ilikuwa ikishuka pwani yenyewe, na pembe zake, na kirangozi wake mbele. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, karibu kilo 32, mbali na mkeka wake, sufuria na silaha. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni kama kilomita 1,200. Mtu alikwenda na kurudi, akapumzika msimu wa kilimo, akaenda tena. Alijua maji yako wapi wakati wa kiangazi, hongo ya Ugogo inalipwa kwa nguo gani, mnyampara yupi ni mkali na yupi anakula posho za watu. Hayo yote ni elimu. Ila kwa kuwa haikuandikwa kwa Kiingereza, tunaiita "wapagazi walisaidia".

Mtazame Bombay. Alizaliwa Uyao, akakamatwa mtoto, akauzwa mpaka India. Huko akakua, akaachiwa huru, akarudi Unguja. Alikwenda na Burton na Speke, akaenda tena na Speke na Grant mpaka Mto Nile, akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone, na kati ya 1873 na 1875 akavuka bara zima na Cameron mpaka Bahari ya Atlantiki. Hakuna hata mmoja kati ya mabwana zake aliyekuwamo katika safari zote hizo. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa nishani ya fedha na pensheni. Sasa niambie, ni kitini gani cha diskavari kilichomtaja kama mtu aliyejua kitu? Akitajwa ni "mtumishi mwaminifu".

Mtazame Susi na Chuma. Livingstone alifariki kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Mei 1873. Watu wake wangeweza kumzika pale wakarudi kwao. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Walipita hapa hapa Unyanyembe. Walimkuta Cameron, Mwingereza, ofisa wa jeshi la majini, naye akataka mwili uzikwe hapa. Wakakataa. Wapagazi weusi walimkatalia ofisa wa Malkia, kwa hoja zao, wakaendelea na safari. Hii ingekuwa insha ya mtihani wa kidato cha sita! Lakini nenda Westminster Abbey utazame jiwe la kaburi. Linasema aliletwa na mikono miaminifu. Mikono tu. Haina majina, kana kwamba ilitembea yenyewe kutoka Chitambo.

Sasa, asije mtu akadhani nataka tung'oe sanamu ya Mzungu tuweke ya kwetu, tuipigie makofi. Njia hii ilipitisha watu na kamba shingoni. Mtu wa Manyema aliyefikishwa Bagamoyo akaiona bahari mara ya kwanza, naye je, alivumbua Bahari ya Hindi? Kwa maana ya kitini, ndiyo, kwake ilikuwa haijulikani kabisa. Lakini hakuna shule inayothubutu kumpa mfano huo, kwa sababu hapo neno linaonyesha meno yake. Inaonekana kuvumbua ni kwa yule tu anayeweza kurudi kwao kusimulia.

Wala watu wa pwani tusijitakase. Hata jina "Unyamwezi", nchi ya mwezi, inasemekana ni jina la pwani, la watu waliotazama magharibi mwezi unapoandama. Tippu Tip naye, aliyekuwa na nyumba ya baba yake hapa Tabora, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Humo utakuta Livingstone, Cameron na Stanley wakipita kama wageni waliohitaji msaada wake. Ni kitabu cha lazima kwa yeyote anayetaka kuandika. Lakini mwandishi wake alikuwa mfanyabiashara wa pembe na wa watu, na vijiji alivyovichoma havikupata nafasi ya kusimulia. Tumsome tukiwa macho mawili.

Utaniuliza, kwani neno lina madhara gani? Ni neno tu. Hapana, mwenzangu. Neno hili lilikuwa hati ya kiwanja. Kwa karne nyingi Wazungu waliandika katika sheria zao kwamba taifa la Kikristo likivumbua nchi, nchi inakuwa yake. Mwaka 1823 Mahakama Kuu ya Marekani ililitumia neno hilo hilo kuamua kwamba Wahindi Wekundu hawana mamlaka ya kuuza ardhi yao kwa wampendao. Australia ilihesabiwa kuwa ardhi isiyo na mwenyewe, ingawa ilikuwa na watu kwa makumi elfu ya miaka, na mpaka mwaka 1992, katika kesi ya Mabo, ndipo mahakama yao ilipokubali kwamba huo ulikuwa uongo. Vatikani yenyewe imeikana rasmi ile kanuni ya uvumbuzi mwaka 2023. Juzi tu! Na hapa kwetu, walipomaliza "kuvumbua", akaja Carl Peters mwishoni mwa 1884 na mikataba yake Usagara na Uzigua, na kufika Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe amezingirwa na Wajerumani katika ngome yake, akajilipua kwa baruti asitiwe mikononi. Kutoka 1858 mpaka 1893 ni miaka 35. Hizo ndizo gharama za neno.

Kichekesho ni kwamba Australia hiyo hiyo, katika jimbo la New South Wales, kati ya mwaka 2015 na 2018 wanafunzi wote wa mwaka wa mwisho waliosoma Kiingereza cha kawaida au cha juu walilazimika kusoma diskavari kama mada. Sisemi wasisome. Nasema mada ni tamu, ina mengi, ila aliyekaa Sydney na aliyekaa Tabora wote wanapaswa kuanza na swali moja: nani alikuwepo?

Tena Kiswahili chetu kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Kuvumbua, katika matumizi ya zamani, ni kukurupusha au kukuta kitu ghafla bila kukitafuta, kama mwindaji anayemwinua mnyama kichakani. Kugundua kulikuwa na maana ya kumfikia mtu au mnyama kabla hajakuona, ukamshtua. Maneno yote mawili yanakubali kwamba kile kitu kilikuwepo, tena kilikuwa na pumzi yake! Na wale tuliowaita "explorers" darasani, Kiswahili kinawaita wapelelezi. Neno hilo hilo tunamwita askari kanzu. Wazee waliochagua neno hilo hawakuwa wajinga. Walimu wa Kiingereza wangetuachia tutumie akili ya lugha yetu kidogo ndani ya somo lao, tungepata insha za maana.

Nafika sasa kwenu, washikaji wa kalamu, kwa sababu jambo hili halikuishia kwenye maziwa. Namjua kijana mmoja wa Kanyenye. Anaandika hadithi kuniliko mimi, ana madaftari matatu yamejaa. Nikimwuliza kwa nini hachapishi, hata kwa kudurufu nakala ishirini akagawa, ananijibu, "Nangoja nigunduliwe." Jamani! Mtu ana miguu miwili, anangoja Speke. Redio na televisheni nazo kila siku ni "kuibua vipaji", utadhani vipaji vilizama ziwani vinangoja mzamiaji.

Angalieni ya Abdulrazak Gurnah. Mzaliwa wa Unguja, riwaya yake ya Paradise ilitoka mwaka 1994, na ndani yake msafara wa mfanyabiashara unapanda bara kutoka pwani. Ni habari zetu hizi hizi. Ikaingia kwenye orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker mwaka ule ule. Miaka 27 ikapita. Oktoba 2021 Stockholm wakampa Nobel, na kesho yake magazeti ya Dar yakamvumbua. Tafsiri ya Kiswahili, Peponi, aliyoifanya Ida Hadjivayanis, ikatoka 2022. Nashukuru imetoka. Lakini tulihitaji kweli Waswidi watuonyeshe kwa kidole?

Na yupo mtu mmoja nataka mumkumbuke kuliko wote. Salim bin Abakari. Mwaka 1896 alikwenda Urusi mpaka Siberia akiwa mtumishi wa bwana wa Kijerumani. Akaisimulia safari ile kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten uitwao Safari za Wasuaheli, pamoja na safari ya bara ya Sleman bin Mwenye Chande. Salim aliona, akapima kwa akili yake, akaandika kwa lugha yake, kwa wasomaji wa kwao. Vitenzi vile vya Speke anavyo. Lakini hakuibatiza Siberia jina la sultani wake, wala hakuna aliyesema Salim kavumbua Urusi. Kila mtu anaona kwamba ingekuwa upuuzi. Basi na ule mwingine ni upuuzi vile vile.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu, na anayepinga ajibu katika toleo lijalo.

Kwanza, walimu na wanafunzi. Kila mkikutana na neno kuvumbua katika kitini, lifungueni. Andikeni pembeni: nani aliambiwa, na nani? Nani alibeba? Nani alikuwa akiishi pale? Mtihani utajibika tu, na utajibika vizuri zaidi.

Pili, walioko Tabora, Ujiji, Bagamoyo na vituo vyote vya kati. Nendeni mkawaulize wazee majina ya vituo, visima, miembe, koo zilizotoa virangozi. Ulizeni kwa Kinyamwezi, andikeni kwa Kiswahili. Pelekeni daftari mzee asikie mliyoandika, arekebishe. Msiporudi kumsomea, mmekuwa Speke wadogo.

Tatu, mwenye daftari lililojaa alitoe mwaka huu. Durufu, bana kwa pini, uza kwa bei ya chai na andazi. Wasomaji wapo, wanaishi mtaa mmoja nawe. Kazi ya mhariri ni kusoma na kukosoa, kazi ya mashindano ni kutoa zawadi, na hakuna kati yao mwenye uwezo wa kukufanya uwepo.